Kiti Kilichokatwa Miguu

Kabla hujapeleka jina lako chuoni, fanya jambo moja. Mwombe mtu akufunge mkono wako wa kulia kiunoni kwa kitambaa, kisha uvae suruali. Usiseme utajaribu kesho. Jaribu sasa, halafu rudi usome.

Umerudi? Kama ulikaa kitandani kwanza, una akili. Kama ulijaribu ukiwa umesimama, umeanguka, na hapo hatujapishana. Mimi niliangukia ndoo ya maji ya mwenzangu.

Hapa Kasubi, mtaa wa Kampala ninapopanga, kuna vijana waliomaliza Senior Six, yaani kidato cha sita, ambao huniuliza ile kazi niliyokuwa nikifanya inasomewa vipi. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande, mguu mmoja ndani na mwingine nje, maana sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Leo mvua imenifungia ndani, basi nitaandika.

Kazi yenyewe wengine huiita tiba kwa vitendo. Mtu amepooza upande mmoja, au amekatwa mkono, au amezaliwa na viungo vilivyokaza. Wewe unamsaidia azirudie shughuli zake: kuoga, kula, kufunga vifungo, kwenda chooni, kushona, kupalilia. Mwalimu wetu mkuu, Madamu Nalule, alikuwa na namna fupi ya kuieleza. "Daktari anauokoa mkono," alisema. "Sisi tunauliza mkono huo ulikuwa na kazi gani."

Ni yeye aliyetufunga mikono. Ilikuwa wiki yetu ya kwanza chuoni. Alitufunga darasa zima, kisha akatutuma Old Kampala kwenye duka la viatu, kila mmoja ajaribu viatu vya kamba na kuvifunga mwenyewe. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mmoja wa wale waliofukuzwa nchini, wakarudi baada ya vita kuanza maisha upya. Alituona tukiingia mmoja mmoja, mikono imefungwa, akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Wote ajali moja?"

"Hapana, mzee. Sisi wanafunzi."

"Wanafunzi ya nini? Ya kuvunjika?"

Hakuna aliyefunga kiatu siku hiyo isipokuwa Wasswa, rafiki yangu, aliyetumia meno, na mzee akamwambia kiatu kikishaumwa ni chake. Tuliporudi, Madamu hakuuliza nani alifaulu. Aliuliza, "Mwenye duka aliwatazama vipi?" Tukamweleza. Akasema, "Hivyo ndivyo mgonjwa wako atakavyotazamwa kila siku. Mkumbuke, halafu tuendelee na somo."

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, na vita vya themanini na sita vilipokwisha, alikuwa miongoni mwa waliobaki jeshini na buti zao. Yeye ni wa kaskazini, mama ni wa mashariki, kwa hiyo lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili cha kambini, ambacho mwalimu wangu wa sekondari alikifanyia kazi kubwa kukinyoosha. Kambi ile ilikuwa imejaa wanaume waliopungukiwa kitu, huyu mguu, yule vidole. Jirani yetu mmoja alibakiwa na vidole vitatu kwa mikono yote miwili, na kila Jumapili aliwasuka binti zake nywele mlangoni. Nilikuwa nikimtazama kwa muda mrefu sana, mpaka ananifukuza. Nadhani niliingia chuoni kwa sababu yake, ingawa kwenye usaili nilisema naipenda sayansi.

Baba hakuelewa.

"Kwa hiyo unaenda kusomea kuwavalisha watu suruali?"

"Kuwafundisha wavae wenyewe, baba."

"Jeshini tunafundisha hiyo kwa filimbi. Asubuhi moja tu, wote wamevaa." Alifikiri kidogo. "Nenda. Lakini wenzako wakimaliza na wewe hujamaliza, unakuja kwangu, nakupeleka kuandikishwa. Sitangoja urudie mwaka. Umesikia?"

Nilisikia. Baba hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Kijana mwingine wa kambi alikuwa ameambiwa maneno hayohayo kuhusu cheti cha ufundi bomba, na wakati ule alikuwa kwenye kituo cha ulinzi mpakani, akila maharage.

Sasa, mambo ya kazi yenyewe. Baadhi yatawafaa hata kama hamtaifanya.

Mtu aliyepooza upande mmoja, shati linaingia kwanza kwenye mkono mgonjwa na linatoka mwisho kwenye mkono huohuo. Ukigeuza, mtapigana na shati mpaka adhuhuri. Kijiko kinachoponyoka kwenye vidole dhaifu, zungushia mpini wake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli; kitakuwa kinene na hakitateleza. Ukitaka kutengeneza gango la kushikilia kifundo cha mkono na huna vifaa, chukua bomba la maji la plastiki, lipasue, lilainishe kwa moto wa mbali, ulikunje kabla halijapoa. Lakini pima joto lake kwanza kwenye mkono wako mwenyewe. Wasswa alisahau kupima, na alama anayo hadi leo. Huwaambia wanawake ni ya vita.

Siku hizi hayo mnayaona kwenye simu, na kuna plastiki maalumu inayolainika ndani ya maji ya moto kama chapati. Sisi tulipoingia, stoo ya chuo bado ilikuwa na mashine za mbao za kufumia, za enzi ambapo kila mgonjwa, awe nani, alipewa kazi ya kufuma au kusuka kikapu. Nilimkuta askari mmoja wodini, amepigwa risasi begani, kikapu kiko mapajani. Akaniita.

"Wewe mutoto, njoo. Mimi nilipigana, nikapigwa risasi. Sasa hii kikapu ni azabu ya nini?"

Nilimuuliza kabla ya jeshi alifanya nini. Alikuwa akikata nywele. Nikamletea mashine ya mkono ya kinyozi na kichwa changu. Nilitembea na kichwa cha ajabu wiki nzima, lakini bega lilianza kuinuka.

Nilifikiri baada ya hapo nimeielewa kazi. Ndipo nikakutana na Sauda.

Muhula wa mwisho kila mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja. Unamtembelea kwake, unachagua shughuli moja ambayo hawezi, na siku ya mtihani mtahini kutoka nje ya chuo anakuja nyumbani kwa mgonjwa kuiona ikifanyika. Ikifanyika, umefaulu. Isipofanyika, unarudia mwaka. Mtahini wetu alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyeachana na utepe wake wa kupimia. Tulimwita Mzee Utepe, kwa sauti ya chini. Ilisemekana aliwahi kumrudisha mwanafunzi mwaka mzima kwa sababu ya meza iliyozidi urefu kwa upana wa kidole.

Sauda alikuwa na umri wa miaka sita, akikaa upande wa Luzira kwenye nyumba za askari, chumba na sebule. Baba yake alikuwa kazini muda mwingi. Mama yake alikuwa Mkristo kutoka Lira, mwanamke wa sauti ndogo. Bibi yake, mama wa baba, alikuwa Mnubi, Mwislamu, mwenye sauti ya kutosha nyumba mbili. Wajukuu walimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi, na mtaa mzima ukamwita hivyo. Mtoto alizaliwa bila kulia, kama mama yake alivyosema, na viungo vyake vilikaza. Miguu ilipishana kama mkasi. Shingo ilichoka haraka. Lakini akili ilikuwa safi; mtu akijikwaa mlangoni, Sauda ndiye wa kwanza kucheka.

Hakuwa na namna ya kukaa. Alilala kwenye mkeka, na mama yake akamlisha akiwa amelala, kichwa nyuma. Mtu akilishwa hivyo, chakula kinakosea njia, kinaingia mapafuni. Kila msimu wa mvua Sauda alikuwa akilazwa kwa kifua, na kila mara alirudi mwembamba zaidi. Haikuhitaji mtaalamu kuona mambo yanaelekea wapi. Nikachagua: Sauda atakaa, na atapeleka chakula mdomoni kwa mkono wake. Mkono wa kulia, kwa bahati, ndio uliokuwa mtiifu zaidi.

Ili akae alihitaji kiti chake, na viti hivyo tulivitengeneza kwa karatasi. Msicheke. Unapika uji mzito wa muhogo, unagandisha maboksi tabaka juu ya tabaka, unayabana kwa mawe, unayaanika mpaka yawe magumu kama mbao. Kisha unakata, unaunga, unafunika kwa vipande vya magazeti na uji tena, unaanika tena, unapaka rangi. Mtu mzima anaweza kukikalia. Adui zake ni maji na panya. Kiti changu cha kwanza kiliongezewa adui wa tatu: tulikuwa tumeomba uji uliobaki jikoni kwa hospitali, na hatukujua ulikuwa na maziwa na sukari. Asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kwa nidhamu ambayo baba angeipenda.

Cha pili kilitoka vizuri. Kilikuwa na miguu minne, mgongo ulionyooka, pahali pa kuwekea nyayo, kigingi katikati ya mapaja kuzuia ule mkasi wa miguu, na meza ndogo mbele. Nyonga, magoti na vifundo vyote vilipinda sawasawa kama kitabu kinavyotaka. Nikakipaka rangi ya bluu na ukingo wa manjano.

Wasswa alikizunguka. "Hiki ni cha mfalme. Mtoto utampa na nchi?"

Nikakipeleka Luzira. Mama Sauda alikigusa kama mtu anayegusa nguo ya harusi. Nikamkalisha mtoto, nikaonyesha namna ya kumfunga mkanda, tukafanya mazoezi ya mkono, nikaondoka nimeridhika.

Niliporudi wiki iliyofuata, kiti kilikuwa sebuleni, katikati ya makochi, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa palikuwa na redio. Sauda alikuwa mkekani.

"Mama Sauda, mtoto hakai?"

"Tunaitunza, musawo." Huku Kampala musawo ni mganga yeyote, hata mwanafunzi. "Iko muzuri sana. Mutoto atamwagia michuzi."

Tulicheka wote. Niliondoa redio, nikaeleza kwamba michuzi ndiyo kazi ya kiti. Alikubali. Wiki iliyofuata kiti kilikuwa nyuma ya mlango, na nguo zimetundikwa mgongoni mwake. Nilimkalisha Sauda, alikaa vizuri, akashika kijiko, akapeleka uji mdomoni mara mbili. Nilipouliza kama wanafanya hivyo kila siku, Mama Sauda alimtazama mama mkwe wake. Haboba alikuwa anasuka ungo. Hakuinua macho.

Nilimweleza Madamu Nalule kwamba familia haishirikiani. Ni neno tulilolipenda sana, maana linamalizia maswali yote. Lakini yeye alikuwa na moja zaidi.

"Wanakulia wapi?"

Sikujua. Gari la chuo lilikuwa likinishusha saa nne asubuhi na kunichukua kabla ya saa sita. Tena chuo kilikuwa na sheria: usile kwa mgonjwa. Kila Haboba aliponikaribisha, nilishika tumbo nikasema nimeshiba. Nilikuwa nimempima mtoto kila mahali kwa utepe, kisigino hadi goti, goti hadi nyonga, nyonga hadi bega, na sijawahi kuuona mlo hata mmoja wa nyumba ile.

"Basi nenda mchana," alisema Madamu, akiniita bwana kwa Kiganda. "Na ukikaribishwa, ssebo, kaa."

Nikaenda peke yangu, siku ambayo hawakunitarajia. Walikuwa wanaanza kula. Mkeka umetandikwa, katikati sinia moja kubwa, posho, ambayo ndiyo ugali, na mchuzi wa nyama. Haboba, Mama Sauda, watoto wengine, shangazi, wote wamezunguka, kila mmoja na upande wake wa sinia. Kwa heshima yangu walikuwa wamemkalisha Sauda haraka kwenye kiti cha bluu. Kiti kilikuwa karibu na ukuta, kwa kuwa mkekani hakikuwa na nafasi. Mbele yake sahani yake, kijiko chake. Kutoka pale juu aliona visogo vya watu. Hakuwa anakula. Alikuwa anajirusha mbele kwa nguvu zote alizonazo, kuelekea mkekani, na mkanda wangu unamrudisha.

Nikanawa, nikakaa chini. Haboba akanisogezea upande wa sinia.

"Leo umeshiba?"

"Leo nina njaa, Haboba."

"Vizuri. Sasa mimi nakuuliza. Hii kiti yako iko muzuri, mimi sina maneno nayo. Lakini katika hii nyumba, mutu anakula peke yake ni mutu alikosana na watu. Sauda alikosana na nani?"

Nikala. Posho ilikuwa nzuri. Nyuma yangu nilikisikia kiti kikigonga ukuta kila mtoto alipojirusha.

Mtasema, basi si ungekata miguu ya kiti siku hiyohiyo. Mtoto wa aina ile huwezi kumkalisha chini hivihivi. Misuli ya nyuma ya mapaja imekaza. Ukimnyoosha miguu sakafuni, nyonga zinavutwa nyuma, anateleza, na tumerudi kwenye kulala. Kwa hiyo kiti kilitakiwa kiwe chini, lakini si chini kabisa. Nilipima kwa mkono wangu: shubiri moja kutoka mkekani, kikalio kiteremke kidogo kwa nyuma ili nyonga zizame, na mto wa kitambaa chini ya magoti ili yapinde. Meza ya mbele iondoke, maana meza yake ni sinia.

Wasswa alikuwa na pingamizi, na halikuwa la kijinga.

"Mtahini anakuja wiki ijayo. Kitabuni kiti kina miguu. Nyayo zinakanyaga, magoti yanapinda sawa. Hapa magoti yatapinda nusu. Mzee Utepe atapima, na utarudia mwaka."

"Nikikiacha, mtoto atakaa siku ya mtihani tu."

"Akae siku ya mtihani, wewe ufaulu, halafu ukate." Akaniangalia. "Baba yako ameshakununulia buti?"

Nilifikiria jambo hilo siku mbili, bila kujivunia. Njia ya Wasswa ilikuwa nzuri. Kilichoniharibia ni ule mgongano wa kiti na ukuta. Nilikuwa nausikia hata darasani. Nikamwambia Madamu. Hakusema kata wala usikate. Alisema, "Msumeno uko stoo. Ukishakata, funika sehemu mbichi, na uombe jua."

Nikakata. Jua halikuja. Karatasi ikikatwa inaonyesha matabaka yake yote, kama kitunguu, na uji mpya unataka siku nyingi za kuanika. Tulikiweka juu ya sigiri ya makaa kwenye kibanda cha mabati, mvua ikipiga, Wasswa anapepea kwa kifuniko cha sufuria. Ukingo mmoja uliungua.

"Akiuliza," alisema Wasswa, "sema ni mtindo."

Rangi haikupatikana tena. Kiti cha mfalme kikawa kigogo cha bluu chenye kiuno cha magazeti, na mbele kabisa ungeweza kusoma nusu ya habari ya mpira. Miguu minne ilibaki kwenye kona ya stoo. Mmoja niliuchukua baadaye. Nimezuia nao milango Arua, Juba, Bukavu, Kigoma na miji mingine ambayo sikukaa hata nikajua jina la mwenye nyumba. Nimefanya kazi hii karibu kila mahali palipokuwa na barabara ya kuondokea, kisha siku moja nikaiacha, kama nilivyoiacha miji. Panya wameonja ule mguu mara kadhaa, lakini bado unazuia mlango. Sasa hivi unazuia huu wa Kasubi.

Siku ya mtihani nilikifikisha kiti asubuhi, bado kina ubaridi wa unyevu ukikigusa chini. Haboba alikitazama. Kisha akaenda jikoni, akarudi na karai, akaligeuza juu chini katikati ya mkeka na kuweka sinia tupu juu yake, kujaribu. Kiti kilikuwa kimeshuka, sinia likapanda. Vikakutana.

Mzee Utepe alifika adhuhuri pamoja na Madamu Nalule. Mama Sauda akamwonyesha kochi.

"Nimekuja kuona mkono wa mtoto," alisema mzee. "Huko juu sitauona."

Akajishusha mkekani hatua kwa hatua, na magoti yake yakalia kama mlango wa stoo. Alitoa utepe. Alipima kikalio, mgongo, mteremko. Aliweka kidole kwenye ile habari ya mpira, akaisoma.

"Miguu iko wapi?"

"Chuoni, mzee."

"Kwa nini?"

"Hapa wanakula chini."

Alitazama mkeka, sinia, karai. Akaukunja utepe. Maji ya kunawa yakapitishwa, chakula kikaja, na Sauda akakalishwa pembeni mwa sinia, kati ya bibi yake na mtahini.

Vijana, sehemu ngumu ya kazi hii ni mikono ya watu wazima. Mkono wa Sauda ulitoka, ukapita sinia, ukarudi. Ukatoka tena, ukashika, ukaangusha. Mama yake akanyoosha wake kumsaidia.

"Acha!" Haboba akaupiga kidogo. "Yake iko inakuja."

Tulikula polepole, kila mtu akijifanya haangalii. Mkono ukatoka tena. Safari hii vidole vilifunga juu ya kipande cha nyama, kizuri, kisicho na mfupa. Ukainuka, ukitetemeka, ukavuka sinia. Haukwenda mdomoni. Ulikwenda kushoto, ukakiweka kile kipande kwenye upande wa mtahini.

"Kwenye mpango wako," Mzee Utepe aliniambia, "uliandika mdomoni."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi si mdomo wake."

"Hapana, mzee."

Akilini nilimwona baba akinipokea kambini. Nilimwona hata yule kijana wa ufundi bomba, akinisogezea maharage.

"Sasa wewe unangoja nini?" Haboba alimuuliza mtahini. "Mugeni anakula kwanza. Hata mutoto anajua. Kula, mzee. Ukikataa atakuwekea ingine, na tutakaa hapa mupaka Idi."

Sikumfundisha Sauda jambo lile. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amelala pembeni ya mkeka ule miaka sita akiangalia wengine wakimfanyia mgeni hivyo. Mzee alikichukua kipande, akakila. Sauda alimtazama mpaka alipomeza. Kisha mkono wake ukarudi kwenye posho, ukamega, ukapaa, nusu ikaanguka kwenye gauni, na nusu ikaingia mdomoni. Akatafuna. Hakukohoa. Akaniangalia kama mtu aliyenila kwenye karata.

Alikula mpaka akashiba, na ilichukua muda. Mwishoni Mama Sauda akamtoa mtoto kitini kwenda kumnawisha, Haboba akaanza kukusanya mifupa, na Mzee Utepe akajaribu kuinuka. Hakuinuka. Alijaribu kwa upande wa pili. Magoti yakakataa kabisa. Niliruka, nikamshika chini ya kwapa.

"Usinivute," alisema.

"Samahani, mzee."

"Umesomea nini miaka mitatu, kuvuta watu? Niambie nifanye nini."

Nikarudi nyuma. Madamu Nalule alikuwa anatazama dirisha. Nikamwambia ageukie ubavu. Akageuka. Apige magoti yote mawili, apumzike hapo kwanza. Alete mguu wa kulia mbele, ukanyage wote. Sasa aweke kiganja kwenye kitu imara, na karibu naye palikuwa na kitu kimoja tu, kile kigogo cha bluu chenye ubaridi chini.

"Kitabeba?"

"Jaribu, mzee," nilisema, kwa kuwa sikuwa na hakika.

Akaegemea. Kiti kililia. Kiganja chake kilikuwa juu kabisa ya ile habari ya mpira. Kisha goti likaondoka mkekani, mgongo ukanyooka, na mtahini akawa amesimama kwa urefu wake wote, akijikung'uta suruali. Akakisukuma kiti kwa ncha ya kiatu.

"Kimekauka," alisema.

Cheti cha karatasi kilikuja baadaye na mhuri. Kwangu cheti ni neno lile. Sauda, aliyeyaona yote kutoka mabegani mwa mama yake, alikuwa anacheka mpaka shingo imelala, na Haboba akaliinua sinia lake, akamwambia mkwewe bila kushusha sauti:

"Mzee naye amepasi."